Bibi Alipoanza Kuchonga

Wiki iliyopita mume wangu alirudi kutoka Mafinga na ndoo ya mapichesi. Binti yetu alikula mpaka tumbo likamkaza, kisha akazikusanya kokwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaanza kuzipasua kwa jiwe, moja baada ya nyingine, bila sababu yoyote zaidi ya zile za watoto. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Harufu ikaingia jikoni. Kokwa ya pichesi ikipasuka hutoa harufu tamu yenye uchungu kwa ndani, na mti wake nao ukikatwa hunukia hivyo hivyo, ila kwa upole zaidi. Nilibaki nimeshika sahani, bomba likimwaga maji. Sikulia, wala sikuwa na la kulilia. Niliiona tu mikono ya bibi yangu, mama mzaa mama, imejaa vumbi la mti mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake dirisha lililofungwa pazia mchana. Kisha nikafunga bomba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiirudia ile miezi kichwani, na nimeona niiandike jinsi ilivyokuwa. Nadhani wengi wa umri wangu mliwahi kuishi miezi ya namna hiyo mkiwa wadogo, miezi ambayo nyumba nzima inanong'ona na hakuna anayekuambia kitu.

Nilikuwa sijaanza shule. Tuliishi Mbeya, mimi na baba na mama, na mama alikuwa na tumbo kubwa. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba mle ndani yumo mdogo wangu. Siku moja nikapelekwa kwa jirani. Nilikula kwao, nikalala kwao, na niliporudishwa nyumbani tumbo halikuwepo na mdogo wangu hakuwepo. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Sebule ilijaa wanawake waliokuwa wakiongea kwa sauti ya chini. Nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake aliyechelewa kufika, "Mtoto hakukaa."

Mimi nilijua kukaa ni nini. Kukaa ni makalio kugusa kiti. Nilikuwa nimegombezwa mara nyingi kwa kutokukaa, kanisani, mezani, na kila nilipokuwa nakatwa kucha. Kwa hiyo nilielewa kilichotokea. Mdogo wangu aliambiwa akae, akakataa, wakamrudisha walikomtoa. Jambo lenyewe halikunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba hawakumpa muda. Mimi huwa napewa muda.

Sikumuuliza mtu. Hakuna aliyeonekana kama mtu wa kuulizwa.

Baba alikuwa fundi wa magari. Aliazima pikapu ya rafiki yake, akamweka mama mbele karibu na dirisha, mimi katikati, akatupeleka Mafinga kwa bibi. Njia nzima hakuna aliyezungumza. Tulipopita Makambako baridi ikaanza kuingia kwenye miguu, kisha ikaja misitu ya paini pande zote mbili za barabara, imejipanga mistari kama watoto wa shule asubuhi. Bibi alikuwa amesimama mlangoni kwake amevaa sweta lake la bluu. Hakukimbia kutupokea. Alimtazama mama usoni, akamvuta kope la chini la jicho kwa kidole gumba, akaangalia ndani, akamshika kiganja akakigeuza. Ndipo akamsalimia.

"Kamwene, Fausta."

Mama aliitikia kwa kichwa.

Bibi alikuwa mkunga. Maisha yake yote alifanya kazi hospitalini, na mji mzima ulimwita Sista Melania. Hukuweza kwenda naye sokoni bila mtu mzima kabisa, mwenye ndevu, kusimama na kuambiwa kwamba alizaliwa ametanguliza miguu. Lakini wakati tunafika alikuwa amestaafu. Nililisikia neno hilo likitamkwa na majirani kwa sauti ile ile waliyotumia kusema fulani amepooza, kwa hiyo nikadhani ni ugonjwa, na kusema kweli alikuwa na dalili. Hakuweza kutulia. Alipanga sufuria, akazipanguapangua, akazipanga tena. Alitandika vitanda kwa kona za hospitali, kali kama bahasha. Aliniwekea kipimajoto kwapani kila asubuhi ingawa sikuwa naumwa. Jioni akikaa kwenye kiti chake, mikono ilibaki mapajani ikigeuzana, mkono huu juu ya huu, kama vile kila mmoja unautafutia mwenzake kazi.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameshafunga mizigo ya kwenda Mbeya kumzalisha mama mwenyewe. Mtoto akawahi. Habari ilipomfikia, mtoto alikuwa ameshazikwa. Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mji ule hakumwona mjukuu wake. Alituma ujumbe wa neno moja tu: mleteni.

Mama alipewa chumba cha nyuma. Kila asubuhi bibi aliingia na beseni la maji ya moto, kanga, na majani ya kabichi aliyoyaponda kidogo kwa chupa. Aliyapanga kifuani kwa mama, kisha akamfunga kwa kanga na kumkaza sana. Nilichungulia mlangoni nikafikiri ndivyo kabichi inavyohifadhiwa. Jioni majani yalitoka yamenyauka, na blauzi ya mama ilikuwa na mabaka mawili ya maji, ambayo sikujua bado kuwa ni maziwa. Bibi aliyachukua yale majani akaenda kuyafukia nyuma ya banda la sungura.

"Mbona huwapi?" nilimuuliza.

"Haya si ya sungura."

Mama hakuwa mkali, wala hakuwa analia. Ukimwambia kunywa uji, alikunywa vijiko viwili vitatu na kuacha. Ukimwambia geuka, aligeuka. Mimi alinitazama kama mtu kituoni anavyolitazama basi lisiloenda kwao. Na nitasema ukweli, sikumbuki kuumia. Ukiukalia mguu wako kwa muda mrefu unafika mahali ukiufinya husikii chochote, unajua tu kwamba uko pale. Nyumba ya bibi ilikuwa hivyo. Tulikula, tukalala, tukafungua kuku asubuhi, tukafungia jioni.

Kuchonga kulianza kwa sababu ya mwiko. Bibi alikuwa anasonga ugali, mwiko ukavunjika sufuriani, kipande kikazama. Alikitoa kwa vidole, akaupuliza mkono, akakaa akikitazama kile kipande kwa muda. Halafu akavua aproni, akavuka barabara kwenda kwa Fundi Zakayo. Nikamfuata.

Fundi Zakayo alikuwa na kibanda cha mabati mkabala na nyumba yetu. Alitengeneza vitanda, milango na majeneza. Bibi akamwambia anataka kipande cha mbao.

"Cha nini, Sista?"

"Mwiko."

"Mwiko si ukanunue sokoni? Au nikuchongee, kesho tu nakuletea."

"Sikukuomba mwiko, Zakayo. Nimekuomba kipande."

Alimpa kipande cha paini. Bibi akakaa kwenye ngazi ya jikoni na kisu cha kukatia mboga, akachonga tangu mchana mpaka jua likawa chini. Mwiko uliotoka ulifanana na koleo, na ulikuwa umepasuka katikati. Hata hivyo alisongea ugali usiku ule ule. Ugali ukanuka utomvu. Bibi alitafuna tonge la kwanza polepole, macho ameyaelekeza juu.

"Au ni mti haufai," alisema, "au ni mkono."

Kesho yake asubuhi alivuka tena barabara, akaomba patasi.

"Sista, patasi inakata," alisema Fundi Zakayo. Alikuwa ameishika nyuma ya mgongo, kama mtu anayemficha mtoto wembe.

"Mimi ndiye niliyekukata kitovu wewe. Unadhani nilikikata kwa meno?"

Fundi akatoa patasi, akatoa na tezo ndogo yenye mpini uliofungwa mpira, akamwonyesha namna ya kushika. Akamwambia afuate nyuzi za mti, asishindane nazo. Akamwambia pia kwamba paini si mti wa kuchonga, paini ni ya mbao na majeneza, atafute mti wa matunda. Nyuma ya jiko la bibi palikuwa na mpichesi uliokauka upande mmoja. Siku hiyo hiyo tulikata tawi lake la kwanza, mimi nikishika ncha lisiyumbe.

Miiko ya kwanza ilikuwa mibaya. Ya pili ilikuwa mibaya pia, lakini haikupasuka. Kisha akachonga upawa, na upawa ule ulikuwa na kitu, hata mimi nilikiona: shingo yake ilipinda kidogo, ikalala vizuri mkononi. Bibi aliuzungusha kwenye mwanga akaguna. Akachonga mwingine. Akaacha kunipima joto asubuhi. Alichelewa kufungua kuku. Alitoa kiti chake sebuleni akakiweka barazani, akatandika gunia chini, akawa anakaa pale siku nzima, ulimi umechomoza pembeni mwa mdomo, akiimba nyimbo za kanisa bila maneno. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akicheza, kwa hiyo sikutambua kwamba anacheza. Niliona tu kwamba ile mikono iliyokuwa ikigeuzana jioni sasa imelala mapajani, michafu, imetulia.

Watu walianza kupita taratibu mbele ya nyumba. Siku moja akaja Mama Edna, jirani yetu, ambaye alikuwa akisali na bibi jumuiya moja. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akazungumza habari za mvua, kisha akasema alichokuja nacho.

"Sista, watu wanauliza. Binti yako yupo ndani amelala vile, na wewe unakaaga hapa nje unachonga magogo kama mwanaume."

"Wanauliza nini hasa?"

Mama Edna alijikohoza. "Kama uko sawa."

"Anayeuliza mwambie aje aulizie hapa," alisema bibi. "Nitampa msasa, awe anasugua huku anauliza." Akamtupia kipande cha msasa na mwiko ambao haujalainishwa.

Mama Edna aliutazama ule msasa. Nilidhani ataondoka. Akaanza kusugua, mwanzoni kwa hasira, baadaye bila hasira, na walikaa pale mpaka jioni hawasemi kitu. Alipoinuka alipapasa mwiko kwa kiganja, akauliza kama anaweza kwenda nao.

Pazia la chumba cha nyuma halikufunguliwa. Kila siku bibi aliacha kazi mara kadhaa, akajikung'uta, akaingia mle ndani, akatoka. Niliona kwamba kila akitoka alichukua muda kabla hajashika patasi tena.

Halafu bibi akataka kuchonga kuku. Alikuwa na shina fupi nene la mpichesi, akaamua ndani yake atatoa kuku aliyelalia mayai. Alihangaika naye siku nyingi. Mkia ulikatika. Palipokatika akapafanya mgongo. Kichwa kikawa kikubwa mno, akashindwa kukipunguza bila kukivunja. Fundi Zakayo alivuka barabara kuja kuangalia, akainama, akainamisha kichwa huku na huku.

"Huyu mtoto mzuri," alisema.

"Ni kuku."

"Sista, huyu si kuku. Ona tumbo hili. Ona miguu alivyoikunja. Huyu ni mtoto amekaa."

Bibi alirudi nyuma, akafunga jicho moja. "Basi awe huyo," alisema, akamshusha na kumweka sakafuni. Yule mtu wa mti akayumba, akaanguka kifudifudi. Bibi akamwinua, akamweka tena. Akaangukia ubavu.

"Hakai," alisema Fundi Zakayo. "Huku chini hakuko sawa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nakumbuka joto la kikombe likipita kwenye vidole, na nakumbuka kwamba sikukiweka chini. Mtoto hakai. Ndiye huyu. Nilifikiri, kwa hiyo walimrudisha huku, kwa bibi, kwa sababu kazi ya bibi ni watoto. Mambo yote yakajipanga. Ndiyo maana tuliletwa Mafinga. Ndiyo maana bibi hafanyi kitu kingine. Mama analala kwa sababu anasubiri, na bibi anamtengeneza.

"Atakaa?" nilimuuliza bibi Fundi alipoondoka.

"Atakaa. Tutamsawazisha."

"Lini?"

"Akiwa tayari."

Tangu hapo nilimuuliza kila siku. Nilikuwa nikiamka naenda barazani kabla ya kunawa uso. Bibi alimgeuza juu chini, akamsugua makalio kwa tupa, akamjaribu sakafuni, akaanguka, akamsugua tena. Nilimletea tupa, nilimletea msasa, nilipuliza vumbi. Nadhani bibi alifurahi kuona mtu anaipenda ile kazi. Aliniambia, "Una subira wewe, hii kazi itakufaa." Hakujua nasubiri nini.

Siku alipokaa, ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Bibi alimshusha sakafuni, akaondoa mkono, na yule mtu akabaki. Bibi alimgusa kwa kidole. Akabaki. Bibi akacheka peke yake, akasema anakwenda kumwita Zakayo aje ajionee, akavuka barabara.

Mimi nikavua kitenge nilichojifunga, nikamfunga mtoto wa mti ndani yake kama nilivyoona watoto wanavyofungwa, nikaingia chumba cha nyuma.

Ndani mlikuwa na giza la mchana. Mama alikuwa macho, ametazama dari.

"Mama."

Hakugeuka.

"Mama, amekaa. Bibi amemrekebisha."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Si walisema hakukaa? Sasa anakaa. Ona." Nikamfungua kitenge, nikamweka kwenye kimeza kando ya kitanda, karibu na kikombe cha uji. Akakaa.

Mama alijiinua kwa kiwiko. Alimtazama yule mtu kwa muda mrefu sana. Nilikuwa nimezoea kuusoma uso wake nijue kama nimefanya vizuri au vibaya, na siku ile uso haukusema kitu. Alinyoosha mkono, akamchukua, akamgeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kichwa chake. Nikasikia hatua za bibi, na bibi akawa mlangoni.

"Salome," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Njoo huku."

"Mwache," alisema mama.

Lilikuwa neno la kwanza kumsikia akilisema bila kusemeshwa tangu tumefika. Akaniambia nikae kitandani. Nikakaa. Alimlaza mtoto wa mti mapajani mwake.

"Mdogo wako alikufa," alisema. "Umesikia? Hakuna aliyemrudisha, na yeye hakukataa kitu. Alizaliwa, akapumua kidogo, akafa. Baba yako alimzika Mbeya."

"Kwa nini alikufa?"

"Sijui."

Nikamtazama bibi, kwa sababu mambo ya watoto alikuwa anayajua yote.

"Hata mimi sijui," alisema bibi.

Alikuwa bado amesimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango. Kisha akaanza kuuliza, kwa sauti ambayo nadhani ndiyo aliyokuwa akiitumia kazini, sauti iliyonyooka isiyopanda wala kushuka.

"Alilia?"

"Kidogo. Kama paka."

"Rangi yake?"

"Alikuwa mwekundu. Halafu akabadilika."

"Nywele?"

"Nyingi. Zilishuka mpaka hapa." Mama alijigusa shavuni.

"Walikuonyesha?"

"Walinionyesha. Halafu wakamfunika."

Bibi alitikisa kichwa polepole kwa kila jibu. Nilidhani maswali yameisha.

"Alifanana na nani, Fausta?"

"Na wewe, mama," alisema.

Bibi aliteremka chini akiwa ameushika ule mwimo, taratibu, mpaka akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele. Sikuwahi kumwona akikaa sakafuni. Alisema kila siku kwamba sakafu ina wadudu. Hakulia, na mama hakulia, na mimi niliwatazama nikajua kwamba na mimi silii. Uji kwenye kikombe ulikuwa umefanya ngozi juu. Nje Fundi Zakayo alikuwa amefika barazani, anaita "Sista! Yuko wapi huyo anayekaa?" na hakuna aliyemwitikia, akaondoka.

Baada ya muda mrefu mama akasema, "Nichongee."

"Nikuchongee nini?"

"Yeye."

"Siwezi," alisema bibi kutoka kule chini. "Sikumwona. Na hata huyo hapo, mimi nilikuwa natafuta kuku."

Mama alitoa sauti. Nilidhani amepaliwa. Ilitoka puani, fupi, kisha ikatoka tena, na bibi naye akatoa ya kwake, na mabega yao yakawa yanatikisika, na bado sijui hata leo kile kilikuwa kicheko au nini. Kilipokwisha mama alijifuta uso kwa kitenge changu.

"Basi nipe patasi," alisema.

Kesho yake alitoka nje amejifunika blanketi. Jua lilimuumiza macho. Bibi alimwekea kiti kando ya chake, akampa kipande cha mpichesi, akamwonyesha namna ya kushika na namna ya kufuata nyuzi. Mama hakufuata nyuzi. Alipiga tu. Vipande viliruka mpaka barabarani. Alijikata kidole, bibi akakifunga, akaendelea. Hawakuzungumza sana. Wakati mwingine bibi alinyoosha mkono, akaigeuza patasi ya mama kidogo, akairudisha. Mama Edna akipita aliwasalimia, akapokea msasa bila kuambiwa.

Kitu alichokuwa anakichonga mama kilikuwa kichwa. Kilikuwa cha duara, kidogo, na alichora nywele kwa ncha ya patasi, mikwaruzo mingi iliyoshuka mpaka kwenye mashavu. Mbele alikuwa anaanza na kuacha. Alianza pua, akaifuta. Alianza jicho, akalifuta. Kila alipofuta, kichwa kilipungua. Fundi Zakayo alikuja akasimama mbele yake, akavua kofia. Hakusema kizuri wala kibaya. Alisema tu, "Huku nyuma umepapata, dada," na mama akamwambia ahsante.

Iliendelea hivyo kwa wiki kadhaa, kichwa kikipungua, na mimi nikikaa kati yao wawili nikichezea vibanzi. Sikuwa tena na swali la kuuliza. Nilikuwa nimeshaambiwa, na mtu akishaambiwa hana kazi.

Asubuhi moja mama aliingia jikoni kabla ya bibi. Niliamka kwa sababu ya sauti ya mafiga kusogezwa. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, amechuchumaa, anapuliza moto. Moto ulikuwa mdogo, kuni zilikuwa mbichi. Alijiinua, akaenda barazani, akarudi na kile kichwa mkononi. Akakitazama mbele, akakigeuza akakitazama nyuma. Kisha akainama akakiingiza kati ya mafiga.

Bibi alikuwa ameshafika mlangoni. Tulisimama pamoja, yeye na mimi.

"Unakichoma, Fausta?"

"Hakifanani naye," alisema mama. "Nimejaribu. Hakifanani naye."

"Sawa," alisema bibi.

Kilichelewa kushika, kisha kikashika. Mama akateleka sufuria. Akasonga ugali kwa mmoja wa miiko ya bibi, akachemsha mboga, akatenga chini, akatuita. Tulikula sote watatu kutoka sahani moja. Mama alikula tonge baada ya tonge bila kuinua macho, akamaliza upande wake, akavuta na upande wangu kidogo.

Baada ya hapo baba alikuja kutuchukua tukarudi Mbeya, nikaanza darasa la kwanza. Sikupata mdogo mwingine. Bibi aliendelea kuchonga miaka mingi, mpaka vidole vyake vilipogoma. Alichonga miiko, pawa, vigoda, ndege wa kila namna, na mwishoni hata kuku wake walifanana na kuku. Watu hawakuuliza tena. Alipokufa padre alimtaja kama mkunga, na mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "na mchongaji," na mwingine akaitikia, "ee, na mchongaji."

Mama bado yupo. Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimia, nikamwambia habari ya binti yangu na zile kokwa, na tukafika mpaka kwenye kile kichwa, ambacho hatukuwahi kukizungumzia. Nikamuuliza kama aliwahi kujuta kukiweka motoni, baada ya kazi yote ile. Alikuwa anachambua mchicha. Alifikiri, mikono haikusimama.

"Hapana," alisema. "Siku ile nilikuwa na njaa."